Kikoa cha mtumaji: kuisanidi seva ya barua pepe ili barua zako zifike

Kila barua pepe inayotoka kwenye seva yako hubeba majina matatu ya vikoa, na seva inayoipokea hulikagua kila jina kwa kipimo chake. La kwanza ni lile ambalo seva yako hujitambulisha nalo inapobisha hodi, yaani neno linalofuata amri ya EHLO. La pili limo kwenye bahasha: ni anwani ya MAIL FROM, ambayo msomaji haioni, lakini ndiko inakorudishwa taarifa barua isipofika. La tatu ni la mstari wa From, lile mpokeaji analoliona kwenye simu yake.

Seva iliyosakinishwa na kuachwa kama ilivyo mara nyingi hutaja majina matatu yasiyojuana: EHLO localhost, bahasha ya www-data@web1.localdomain, na From ya info@example.com. Wengi hukimbilia kuongeza rekodi ya SPF, yaani orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, kisha hushangaa barua zikiendelea kukataliwa. SPF haiangalii kabisa mstari wa From. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye majina yenyewe, na uthibitisho wake unafuata baadaye.

Amri zilizo hapa ni za Postfix (programu inayotuma barua) na OpenDKIM (inayozitia saini ya DKIM, alama ya kidijitali ya kikoa) kwenye Linux. Anayetumia Exim au programu nyingine atakuta vipengele vyenye majina tofauti, ila sehemu ya DNS, yaani rekodi za hadharani za kikoa, haibadiliki. Kikoa example.com na anwani 192.0.2.10 na 2001:db8::10 zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, basi weka zako.

Jina la mashine na rekodi ya PTR

Chagua jina moja kamili la seva, kwa mfano mail.example.com. Usitumie example.com tupu, kwa kuwa jina hilo kwa kawaida huelekezwa kwenye tovuti, ambayo huenda iko kwenye IP nyingine. Kwenye DNS ya kikoa chako weka rekodi ya A (na ya AAAA kama seva ina IPv6) inayoelekeza mail.example.com kwenye IP ya seva.

Kisha weka PTR, yaani rekodi inayotoka kwenye IP kwenda kwenye jina. Hapa wengi hupoteza muda wakiitafuta kwenye paneli ya DNS ya kikoa chao. Haipo huko. PTR humilikiwa na mwenye IP, yaani kampuni inayokukodisha seva, na huwekwa kwenye paneli ya seva yenyewe, mara nyingi chini ya jina "reverse DNS", au kwa kuwaandikia wahudumu wao. Pima pande zote mbili:

```
dig +short -x 192.0.2.10
dig +short A mail.example.com
```

Amri ya kwanza irudishe mail.example.com. na ya pili irudishe 192.0.2.10. Zisipokutana, kwa seva nyingi za wapokeaji ni kana kwamba PTR haipo.

IPv6 ndiyo inayowanasa watu kimyakimya. Seva ikiwa na anwani ya IPv6, Postfix huitumia bila kukuuliza, hata kama hujaiwekea PTR wala hujaitaja kwenye SPF. Dalili yake ni kwamba baadhi ya barua zinafika na nyingine zinarudi, bila mpangilio unaoeleweka. Iwekee IPv6 PTR yake, au uiache kabisa:

```
postconf -e 'inet_protocols = ipv4'
systemctl restart postfix
```

Badiliko hili halikubali reload. Ni lazima Postfix isimamishwe na kuwashwa upya.

Kabla hujaendelea, hakikisha seva yako inaruhusiwa kutuma kwenda nje kwa poti ya 25. Kampuni nyingi zinazokodisha seva huifunga kwa wateja wapya. Logi ikionyesha "Connection timed out" kwa kila seva unayojaribu kuifikia, tatizo haliko kwenye kikoa wala kwenye Postfix. Omba ifunguliwe, au upitishe barua zako kwenye huduma ya kutuma barua kwa poti ya 587.

Majina ndani ya Postfix

```
postconf -e 'myhostname = mail.example.com'
postconf -e 'mydomain = example.com'
postconf -e 'myorigin = $mydomain'
postconf -e 'mydestination = $myhostname, localhost.$mydomain, localhost'
systemctl reload postfix
```

Tumia alama za kunukuu za mkato mmoja kama zilivyo hapo. Ukitumia zile za mikato miwili, sheli itaifuta $mydomain kabla Postfix haijaiona, nawe utabaki na myorigin tupu.

myhostname ndiyo inayotajwa kwenye EHLO, isipokuwa kama kuna smtp_helo_name inayosema vingine. Jina lisilo na nukta, kama web1, hukataliwa na seva nyingi kwa jibu la 504 5.5.2 linalodai jina kamili. myorigin ndiyo huongezwa kwenye anwani isiyo na kikoa: programu ikituma kama www-data tu, barua hutoka ikiwa www-data@example.com. Kwenye Debian na Ubuntu, myorigin huwa imeelekezwa kwenye faili la /etc/mailname, na mtu anaweza kuhariri main.cf siku nzima asione badiliko kwa sababu jina la zamani limebaki ndani ya faili hilo. Amri za hapo juu zinaliondoa kwenye hesabu, lakini ni vyema nalo ulirekebishe, maana programu nyingine hulisoma.

mydestination inahitaji uangalifu wa pekee. Ni orodha ya vikoa ambavyo seva hii inavihesabu kuwa vyake kwa kupokea. Ikiwa sanduku za barua za example.com zimehifadhiwa kwingine, kwa mfano kwenye huduma ya kulipia, nawe ukaiweka example.com humo, barua za kwenda kwa wenzako hazitatoka kamwe. Postfix itawatafuta humohumo kwenye mashine, isiwakute, na kurudisha "User unknown in local recipient table". Barua za kwenda Gmail zitafika vizuri, za ndani ya ofisi zitapotea, na lawama ataangushiwa mtoa huduma wa sanduku za barua bila kosa.

Kuiondoa example.com humo kuna athari moja ndogo. Barua za cron zinazokwenda kwa root sasa zitaelekea root@example.com kwenye MX halisi (seva inayopokea barua za kikoa), na faili la /etc/aliases halitaangaliwa. Weka mstari wa `root msimamizi@example.com` kwenye faili la virtual_alias_maps, na suala hilo limeisha.

Programu inayojichagulia mtumaji

Hata baada ya hayo, programu ya tovuti inaweza kujitajia jina lake. Tazama logi (/var/log/mail.log, au journalctl) kwenye mistari ya qmgr, usome kinachofuata `from=<`. Hiyo ndiyo bahasha. Ukiona www-data@web1.localdomain, hakuna rekodi ya DNS itakayokuokoa, kwa kuwa kikoa hicho hakipo duniani.

Dawa bora ni kuirekebisha programu yenyewe. Kwenye PHP, kazi ya mail() hupokea hoja ya tano, `-finfo@example.com`, ambayo hupanga bahasha. Kuweka From peke yake hakugusi bahasha. Usipoweza kuigusa programu, andika upya anwani ndani ya Postfix:

```
# /etc/postfix/sender_canonical
www-data@example.com    mfumo@example.com
@web1.localdomain       mfumo@example.com
```

```
postmap /etc/postfix/sender_canonical
postconf -e 'sender_canonical_maps = hash:/etc/postfix/sender_canonical'
systemctl reload postfix
```

Kama postmap inalalamika kwamba haijui hash, endesha `postconf -m` uone aina zilizopo. Mifumo mipya zaidi huenda ikakutaka utumie lmdb badala yake.

Kuna kipengele kingine kinachofanana na hiki, smtp_generic_maps, na maelekezo mengi hukipendekeza. Kwa seva inayotia saini za DKIM, kiepuke. Canonical hubadilisha anwani barua inapoingia kwenye foleni, kabla kisaini hakijaviona vichwa vya barua. Generic hubadilisha mwishoni kabisa, barua inapotoka, saini ikiwa imeshawekwa. From ikibadilika baada ya saini, saini imeharibika.

Na barua zikiletwa kwenye seva hii na mashine nyingine za ndani, Postfix kwa kawaida haigusi vichwa vyao. Itabadilisha bahasha pekee na kuiacha From kama ilivyokuja. Ongeza `local_header_rewrite_clients = permit_mynetworks` ili nazo zirekebishwe.

Fomu ya mawasiliano ya tovuti ina kosa lake maarufu: kuweka anwani ya mgeni kwenye From ili iwe rahisi kumjibu. Yahoo ilitangaza sera ya p=reject, inayowataka wapokeaji wakatae barua isiyothibitishwa, mwezi Aprili 2014, na tangu hapo barua inayodai kutoka yahoo.com huku ikitumwa na seva yako hukataliwa, tena kwa haki. From iwe yako. Anwani ya mgeni iende kwenye Reply-To.

Anwani yoyote unayotumia kwenye bahasha iwe inapokea barua. Hata ikiitwa noreply, iwe na sanduku, kwa kuwa huko ndiko taarifa za kushindwa zinakorudi, na usipozisoma hutajua kwamba nusu ya orodha yako ni anwani zilizokufa.

SPF

SPF hujibu swali moja: je, IP hii inaruhusiwa kutuma kwa kikoa kilichoandikwa kwenye bahasha? Kwa seva moja rekodi huwa fupi:

```
example.com.       TXT  "v=spf1 mx ip4:192.0.2.10 ip6:2001:db8::10 ~all"
mail.example.com.  TXT  "v=spf1 a -all"
```

Ondoa `mx` kama seva zinazokupokelea barua hazitumi barua kwa niaba yako. Mstari wa pili husahauliwa na wengi. Taarifa za barua zilizoshindwa hutumwa na bahasha tupu, na hapo mpokeaji hukagua jina la EHLO badala yake. Isitoshe, SPF hairithiwi na vikoa vidogo: rekodi ya example.com haimsaidii mtumaji wa web1.example.com hata kidogo.

Makosa yanayoivunja SPF yanajulikana. Rekodi mbili zinazoanza na v=spf1 kwenye jina moja hufanya zote mbili zisifae, na hili hutokea mtu anapoongeza huduma mpya kwa kubandika rekodi nzima badala ya kuongeza include yake (kipengele kinachoingiza orodha ya huduma hiyo) ndani ya ile iliyopo. Kikomo cha maulizo ya DNS ni 10. Kila include, a, mx, ptr, exists na redirect huhesabiwa, pamoja na zilizomo ndani ya include za wengine, ilhali ip4, ip6 na all hazihesabiwi. Ukivuka 10, jibu ni permerror (kosa la kudumu), na SPF yako haihesabiki kuwa imepita hata kwa IP iliyoruhusiwa. Huduma tatu nne za nje zinatosha kukufikisha hapo. Futa include za huduma ulizoacha kuzitumia, na kwa seva zako mwenyewe tumia ip4 badala ya a. ptr ipo kwenye kanuni lakini RFC 7208 yenyewe inashauri isitumike.

Kati ya ~all (IP nyingine zitiliwe shaka) na -all (zikataliwe), kwa kikoa chenye DKIM na DMARC (sera inayoelezwa mbele) tunashauri ~all. Baadhi ya seva zikikuta -all hukataa barua papo hapo, kabla hazijasoma saini ya DKIM, na wanaoumia ni wapokeaji wanaoelekeza barua zao kutoka sanduku moja kwenda lingine. Uamuzi wa kukataa uachie DMARC.

DKIM

SPF huvunjika barua inapoelekezwa kwingine, kwa sababu IP inabadilika. Saini ya DKIM husafiri ndani ya barua yenyewe, kwa hiyo ndiyo nguzo unayopaswa kuitegemea zaidi.

```
apt install opendkim opendkim-tools
mkdir -p /etc/opendkim/keys/example.com
cd /etc/opendkim/keys/example.com
opendkim-genkey -b 2048 -d example.com -s s1
chown -R opendkim:opendkim /etc/opendkim/keys
chmod 600 s1.private
```

Neno s1 ni selekta, jina la ufunguo huu. Chagua lolote, ila liwe linaloweza kufuatiwa na s2 siku utakapobadilisha ufunguo. Amri imetoa faili mbili: s1.private, ambalo halitoki kwenye seva, na s1.txt, lenye rekodi ya kuweka kwenye DNS.

Ndani ya /etc/opendkim.conf:

```
Canonicalization  relaxed/relaxed
Mode              sv
OversignHeaders   From
KeyTable          /etc/opendkim/key.table
SigningTable      refile:/etc/opendkim/signing.table
InternalHosts     /etc/opendkim/trusted.hosts
Socket            inet:8891@localhost
```

Faili la signing.table:

```
*@example.com   s1._domainkey.example.com
```

Faili la key.table, mstari mmoja:

```
s1._domainkey.example.com  example.com:s1:/etc/opendkim/keys/example.com/s1.private
```

Ndani ya trusted.hosts andika 127.0.0.1, ::1, na IP za mashine nyingine zinazopitishia barua hapa, kila moja kwenye mstari wake.

Neno `refile:` si pambo. Bila hilo, nyota ya `*@example.com` husomwa kama nyota tu, hakuna anwani inayolingana nayo, na barua hutoka bila saini na bila kelele. Usipoitaja mashine kwenye trusted.hosts, OpenDKIM huichukulia barua yake kama iliyotoka nje: huikagua badala ya kuitia saini, na logi husema "not internal". Logi ikisema "key data is not secure", faili la ufunguo au folda yake inaweza kusomwa na watumiaji wasiohusika. Rekebisha umiliki na ruhusa, usizime ukaguzi huo.

Unganisha na Postfix:

```
postconf -e 'smtpd_milters = inet:127.0.0.1:8891'
postconf -e 'non_smtpd_milters = $smtpd_milters'
systemctl restart opendkim
systemctl reload postfix
```

Mstari wa pili ndio unaozifikia barua zinazotumwa kwa amri ya sendmail, zikiwemo za PHP mail(). Ukiuacha, barua za majaribio ulizotuma kwa SMTP zitakuwa na saini, na zile za tovuti, ambazo ndizo zenye wateja, hazitakuwa nayo. Maelekezo mengi huongeza `milter_default_action = accept`. Maana yake ni kwamba OpenDKIM ikizimika, barua zitatoka bila saini. Thamani ya asili ni tempfail, inayozisubirisha. Iache hivyo. Barua iliyochelewa inafika, lakini isiyo na saini chini ya sera kali ya DMARC inaweza kukataliwa moja kwa moja.

Sasa rekodi ya DNS. Ufunguo wa biti 2048 una herufi 392 za base64, na mfuatano mmoja ndani ya TXT haupaswi kuzidi herufi 255. Ndiyo sababu s1.txt imeugawa vipande vyenye alama za kunukuu. Kwenye faili la BIND uuweke kama ulivyo. Kwenye paneli ya wavuti, nyingi hutaka kuanzia v=DKIM1 hadi mwisho wa ufunguo katika mstari mmoja, bila mabano wala alama za kunukuu, nazo hugawa zenyewe. Angalia pia sehemu ya jina: paneli nyingi huongeza kikoa mwishoni, hivyo ukiandika s1._domainkey.example.com unapata s1._domainkey.example.com.example.com. Andika s1._domainkey tu, kisha pima:

```
dig +short TXT s1._domainkey.example.com
opendkim-testkey -d example.com -s s1 -vvv
```

Unatafuta "key OK". Onyo la "key not secure" kwenye jibu la amri hii lina maana nyingine kabisa na lile la logi: linasema tu kwamba kikoa hakina DNSSEC (saini za rekodi za DNS), na halizuii kitu.

DMARC, mahali majina yanapokutanishwa

SPF inaweza kupita kwa kikoa kimoja, DKIM kwa kingine, huku From ikitaja cha tatu. DMARC huuliza: je, angalau kimoja kati ya vilivyopita kinalingana na kikoa cha From? Ukiwa na mpangilio wa kawaida, mail.example.com hulingana na example.com kwa sababu vina mzizi mmoja. Ukiandika adkim=s au aspf=s, unadai vilingane herufi kwa herufi. Hakuna haja hiyo kwa wengi.

Hapa ndipo huduma za kutuma majarida huleta mkanganyiko. Bahasha yao hubeba kikoa chao, SPF yao inapita, nawe unaona neno pass na kudhani mambo ni shwari. Kwa DMARC, pass hiyo haikuhusu. Kuongeza include yao kwenye SPF yako hakusaidii pia kama bahasha si ya kikoa chako. Washa DKIM kwa kikoa chako ndani ya huduma hiyo. Watakupa selekta na rekodi za kuweka kwenye DNS yako.

Anza na:

```
_dmarc.example.com.  TXT  "v=DMARC1; p=none; rua=mailto:dmarc@example.com"
```

p=none haizuii barua yoyote. Hukuletea ripoti za XML, kwa kawaida moja kwa siku kutoka kwa kila mpokeaji mkubwa, zikiorodhesha IP zilizotuma kwa jina lako na kama zilipita. Zisome kwa wiki kadhaa. Humo ndimo hujitokeza mfumo wa ankara uliosahauliwa, au printa inayotuma nyaraka zilizoskaniwa. Kila mtumaji halali akishapita, nenda p=quarantine (barua isiyopita itengwe kama taka), kisha p=reject. Kuanza na reject siku ya kwanza ni kujifungia mlango mwenyewe.

Ripoti zikienda kwenye kikoa kingine, tuseme ripoti@example.org, mwenye example.org lazima akubali kwa kuweka TXT ya "v=DMARC1" kwenye jina example.com._report._dmarc.example.org. Bila hiyo wapokeaji hawatazituma, na hutapata kosa lolote la kukujulisha.

Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo huwataka watumaji wote wawe na SPF au DKIM. Gmail humtaka anayefikia barua 5,000 kwa siku kwenda kwenye sanduku zake awe na zote mbili pamoja na DMARC, hata ya p=none. Humtaka pia asizidi asilimia 0.3 ya malalamiko ya barua taka, na aweke namna ya kujitoa kwa mbofyo mmoja kwenye barua za matangazo.

Kupima barua halisi

Tuma kwa njia ileile ambayo programu yako hutumia, kwenda kwenye sanduku lako lililo kwa mtoa huduma mwingine (example.net hapa ni ya kubadilisha):

```
printf 'From: info@example.com\nTo: wewe@example.net\nSubject: Jaribio\n\nJaribio.\n' \
 | sendmail -f info@example.com wewe@example.net
```

Fungua barua hiyo katika hali yake ghafi na utafute kichwa hiki:

```
Authentication-Results: mx.example.net;
 dkim=pass header.d=example.com header.s=s1;
 spf=pass smtp.mailfrom=info@example.com;
 dmarc=pass header.from=example.com
```

Usitosheke na neno pass. Soma kikoa kilichoandikwa kando yake. Kisha urudie jaribio kwa fomu ya tovuti, kwa "nimesahau nywila", na kwa kila mfumo unaotuma, maana kila mmoja unaweza kuwa na njia yake. Ukiwa umebadilisha rekodi na matokeo ni yaleyale, angalia TTL ya rekodi ya zamani kabla ya kubadilisha tena. Rekodi ya sekunde 86400 inaweza kubaki kwenye kumbukumbu za wengine siku nzima.

Barua ikirudi, soma namba na maneno yake

450 4.1.8, "Sender address rejected: Domain not found": kikoa cha bahasha hakina MX wala A. Hili ni baya kwa sababu linaanza na 4. Postfix huliona kama tatizo la muda na kujaribu tena hadi siku 5 kabla ya kukurudishia barua, na kwa mpangilio wa asili haikuambii lolote kabla ya hapo. Weka `delay_warning_time = 4h` ili mtumaji ajulishwe mapema, na upitie `postqueue -p` mara kwa mara.

550 5.7.25 kutoka Gmail: IP haina PTR, au PTR hairudi kwenye IP ileile. Angalia kwanza kama IP iliyotajwa kwenye jibu ni ya IPv6.

550 5.7.26 kutoka Gmail: barua haikuthibitishwa. Maneno yanayofuata namba hueleza kama kilichoshindwa ni SPF, DKIM au sera ya DMARC.

550 5.7.27: kikoa cha mtumaji kina MX tupu, yaani kimetangaza kwamba hakipokei barua.

421 kwa kawaida ni ombi la kupunguza kasi. IP mpya haijulikani na mtu, na kumwaga maelfu ya barua siku ya kwanza huifanya ionekane kama ya watumaji wa barua taka. Anza na barua chache kwa watu wanaozisubiri, uongeze siku hadi siku.

Vikoa vyako visivyotuma kitu

Kikoa ulichonunua na kukiacha kinaweza kutumiwa na matapeli kwenye mstari wa From, kwa kuwa hakuna kinachokikana. Rekodi tatu zinatosha:

```
example.org.         MX   0 .
example.org.         TXT  "v=spf1 -all"
_dmarc.example.org.  TXT  "v=DMARC1; p=reject"
```

Hapa -all na reject zinafaa tangu siku ya kwanza, maana hakuna barua halali ya kupotea. Siku utakapotaka kukitumia, anza kwa kuondoa ile MX ya nukta na kuweka MX halisi. Ukiisahau, ndipo utakapokutana na 5.7.27.